Mguu Usiouma

Msomaji ameniandikia: "Shikamoo daktari. Mimi ni Mtanzania, nasoma uuguzi Pune, India, niko mwaka wa tatu. Wanafunzi wanane wa darasa letu tumepata nafasi ya kwenda kujitolea wiki tatu Anandwan, kwenye jamii ya watu waliougua ukoma, na mwalimu amesema tutasaidia kutibu vidonda vya miguu. Nataka kwenda ila naogopa. Mama yangu yuko Tanga, nilipomwambia alilia kwenye simu. Ana kisukari mwaka wa nane sasa, na presha, sitaki kumuongezea. Naomba unieleze, naweza kuambukizwa? Na mwanafunzi wa wiki tatu atawasaidia nini watu wale kweli?"

Marahaba, mwanangu. Maswali yako ni mawili, na la kwanza ndilo jepesi. Nalianza hilo kwa ajili ya mama.

Ukoma huambukiza, lakini kwa taabu sana. Bakteria wake ni mzito kupita karibu bakteria wote wanaotuletea maradhi: hujigawa mara moja tu katika siku 12 hadi 14 hivi, ilhali bakteria wa kidonda cha kawaida hujigawa ndani ya saa moja. Tena watu wapatao 95 katika kila 100 wana kinga ya kuzaliwa nayo, hata bakteria akiwaingia hawaugui. Anayeugua, mara nyingi ni mtu aliyekaa muda mrefu karibu na mgonjwa mwenye bakteria wengi ambaye bado hajaanza dawa, wakilala chumba kimoja, wakivuta hewa moja miezi na miaka. Kushikana mikono hakuambukizi. Kukaa benchi moja, kukumbatiana, kula chungu kimoja, vyote havina neno. Na mgonjwa akishaanza dawa mseto, yaani dawa kadhaa za ukoma kwa pamoja, dozi ya kwanza tu ya rifampisini iliyomo huua sehemu kubwa ya bakteria, basi hatari yake kwa wengine inakwisha mapema kabisa.

Sasa watu utakaowakuta kule, wengi wao walishamaliza dawa zamani, wengine kabla wewe hujazaliwa. Hawana bakteria wa ukoma wa kukupa. Vidonda utakavyovisafisha si ukoma, na hapa ndipo hata wauguzi wenye vyeti hukosea. Kidonda kile kinatokana na kutembea juu ya mguu uliokufa ganzi. Utavaa glavu, ndiyo, na utanawa mikono kabla na baada, kwa sababu ile ile unayofanya hivyo wodini Pune: usaha ni usaha, na wewe hutaki kubeba vijidudu kutoka mguu wa mzee huyu kwenda mguu wa mzee yule. Lakini usivae glavu kumsalimia mtu. Na usinunue rifampisini dukani "kwa tahadhari". Dozi moja ya kinga ipo, hutolewa kwa wanaoishi na mgonjwa mpya, na huitoa mpango wa ukoma baada ya kumpima mtu. Haikuhusu wewe.

Mama nae ana lugha yake, na asilimia haziingii katika lugha hiyo. Msimulie habari za Sadhana Amte, aliyeanzisha Anandwan pamoja na mumewe. Mume huyo, Murlidhar Devidas Amte, ambaye India nzima ilimjua kwa jina la Baba Amte, alizaliwa 1914 katika familia ya wenye mashamba, akasoma sheria, akawa wakili. Siku moja, mvua inanyesha, alimkuta kando ya njia mtu aitwaye Tulshiram, vidole vimeliwa, mwili umejaa vidonda, anakaribia kufa. Amte akakimbia. Mwenyewe alikiri hivyo maisha yake yote: mtu aliyejiona shujaa alikimbia. Kukimbia kule hakukumpa usingizi. Akarudi, akamjengea Tulshiram kibanda, akamuuguza mpaka akafa mikononi mwake, kisha akaenda Kolkata, kwenye shule ya tiba za magonjwa ya nchi za joto, kujifunza ukoma. Alipopewa kipande cha ardhi ya mawe na vichaka karibu na mji wa Warora, wilaya ya Chandrapur, Sadhana alikwenda naye, na akawachukua watoto wao wawili wa kiume, wadogo kabisa. Husimuliwa kwamba walianza na wagonjwa sita, ng'ombe mmoja kilema na rupia 14. Ilikuwa karibu na mwaka 1950, miongo mitatu kabla ya dawa mseto. Watoto wale, Vikas na Prakash, walikulia pale pale miongoni mwa wagonjwa, wakawa madaktari wote wawili, na wakaendeleza kazi ya wazazi wao. Baba Amte aliaga dunia 2008 akiwa na miaka 93, Sadhana akamfuata 2011. Mama mmoja aliwapeleka wanawe kuishi kule siku ambazo dawa ya uhakika haikuwapo. Wa kwako anakupeleka wiki tatu, na dawa ipo, ni bure dunia nzima tangu 1995. Nadhani mama atalisikia hilo.

Hayo ni ya hofu. Sasa swali lako la pili, ambalo nimelifikiria siku kadhaa kabla ya kuandika.

Nilikuwa mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya kwa miaka 19. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa na mgonjwa mmoja, mkulima wa mahindi, mtu mzima kunizidi, mwenye mabaka mengi mgongoni na mapajani. Alimeza pakiti zote 12 za dawa mseto bila kukosa hata mwezi. Siku ya mwisho nikamuuliza, "Mzee, kuna mahali panauma?" Akanijibu kwa furaha, "Hapana daktari, namshukuru Mungu, hakuna panapouma hata kidogo." Tukafurahi wote wawili. Nikaandika kwenye kadi yake kwamba amemaliza tiba, nikampa mkono, akaondoka. Baada ya miezi minne aliletwa juu ya baiskeli ya mwanawe. Msumari wa katambuga zake ulikuwa umepenya kisiginoni, naye alikuwa ametembea nao shambani sijui siku ngapi. Usaha ulishafika mfupani. Mguu ule ulikatwa chini ya goti.

Yule mzee alinijibu kweli. Swali langu ndilo lilikuwa bovu. Katika miezi 12 sikuwahi hata mara moja kumwambia avue viatu.

Sisi watu wa afya tumefundishwa kuanza na maumivu. Mgonjwa akiingia, tunauliza panauma wapi, tangu lini, vipi. Maumivu ndiyo yanatushika mkono kutupeleka kwenye ugonjwa. Ukoma unamnyang'anya mgonjwa kitu hicho hicho. Bakteria wake hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi, na ndani ya mwili hupenda kuliko vyote mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi: nyuma ya kiwiko, pembeni mwa goti upande wa nje, nyuma ya fundo la mguu upande wa ndani, na ile ya usoni. Mshipa ukivimba na kufa, mambo matatu hupotea pamoja. Hisia hupotea, mtu hasikii moto wala mwiba. Nguvu hupotea, vidole vinajikunja, unyayo unaning'inia, jicho halifumbi. Na jasho hupotea, ngozi inakauka kama gome, inapasuka magaga, na kila ufa ni mlango wa vijidudu.

Zamani watu walidhani vidole huoza na kudondoka kwa ukoma wenyewe. Daktari mpasuaji Mwingereza, Paul Brand, aliyefika Vellore, kusini mwa India, mwaka 1946, aliwafuatilia wagonjwa wake kwa karibu kama mpelelezi na akaonyesha kwamba vidole huliwa na maisha ya kila siku: sufuria ya moto, mpini wa jembe unaosugua, funguo iliyokaza ikalazimishwa, hata panya usiku. Mtu asiyesikia maumivu hutumia mkono wake kama anavyotumia koleo. Kazi ya Brand ya kuhamisha kano ili vidole vifunguke tena ilimpa jina, lakini kwa wewe unayekwenda na beseni na bandeji, lililo kubwa ni lile la kwanza. Vidonda vinazuilika. Vinazuiliwa na mtu anayetazama.

Kwa hiyo umeshakaa Pune miaka mitatu, bila shaka umejifunza kuuliza kwa Kimarathi "dukhta ka?", inauma? Kule Anandwan liweke swali hilo kando. Sema "paay dakhva", nionyeshe mguu.

Utaukuta mguu umekauka. Loweka kwenye beseni la maji ya kawaida, yasiyo ya moto, kama dakika 20. Wenzako watakaotaka kuwafurahisha wazee kwa maji ya vuguvugu, wakataze, au angalau mtu apime kwa kiwiko chake mwenyewe. Mwenye mguu hawezi kukwambia kwamba unamchoma. Ngozi ikilainika, sugua sugu na kingo za magaga kwa jiwe la kusugulia miguu, taratibu, mpaka usawa, usifike kwenye nyama. Futa maji bila kukausha kabisa, kisha paka mafuta ya nazi au mafuta ya mgando wakati ngozi bado ina unyevu, ili yafungie maji ndani. Mambo haya si dawa, na wengi wao wanayajua kukushinda wewe, wameyafanya miaka 30. Lakini mtu aliyepoteza vidole hawezi kushika jiwe sawasawa, na aliyefifia macho haoni unyayo wake. Mikono yako na macho yako ndivyo anavyohitaji.

Wakati mguu umo kwenye beseni, tazama. Nakuomba usiharakishe hapa, hata kama foleni ni ndefu. Angalia kati ya vidole. Angalia chini ya kichwa cha kidole gumba na kisiginoni, panapobeba uzito. Baada ya kukausha, pitisha mgongo wa mkono wako kwenye nyayo zote mbili ukilinganisha: mahali penye joto kuliko penzake pana uvimbe ndani, hata kama ngozi ni nzima kabisa. Sehemu yenye joto leo ni kidonda cha wiki ijayo. Kumgundulia mtu joto lile akapumzisha mguu siku chache ni kazi kubwa kuliko kumfunga bandeji mia, na hakuna atakayekupigia makofi kwa ajili yake, kwa sababu kidonda kile hakitatokea.

Kiatu nacho kishike, ingiza mkono ndani mpaka mbele. Nimetoa kwenye viatu vya wagonjwa kokoto, mbegu za mahindi, kizibo cha soda, na mara moja sindano ya cherehani. Kiatu chema kwa mguu wa ganzi kina soli ya juu laini na ya chini ngumu, hakina msumari, na kina mkanda nyuma. Kandambili haifai, kwa sababu mtu asiyesikia huweza kuivua njiani bila kujua akaendelea na safari.

Kidonda chenyewe kikiwapo, kisafishe kwa maji ya chumvi, funga bandeji safi, na uelewe jambo moja ambalo wanafunzi hulipinga mpaka walione: kidonda cha unyayo uliokufa ganzi hakiponi kwa mafuta ya bei ghali, kinapona kwa kutokanyagwa. Ndiyo maana plasta gumu la mguu, kama lile la mfupa uliovunjika, huponya vidonda vilivyoshindikana kwa miaka. Ugumu uko kwa mwenye mguu. Ana bustani, ana kitanda cha kufuma, ana mjukuu. Hasikii maumivu, basi anaona kukaa kitandani ni uvivu. Utalazimika kumbembeleza, na kumtafutia magongo, na kesho yake utamkuta anatembea tena. Usimgombeze. Wewe mwenyewe ukijikwaa ukaumia, maumivu ndiyo yanayokulaza, si akili yako.

Siku moja au mbili za mwanzo, omba mfundishwe kupima hisia kwa uzi wa nailoni. Ule unaopinda kwa nguvu ya gramu 10 ndio wa nyayo, wa gramu 2 kwa viganja. Mgonjwa anafumba macho, unagusa hadi uzi upinde, anaonyesha kwa kidole ulipogusa. Uzi usipokuwapo, ncha ya kalamu ya wino inatosha, mguso mwepesi tu wa kubonyeza ngozi kidogo. Na nguvu unazipima bila chombo chochote: fumba macho kama umelala, kisha yabane nikijaribu kuyafumbua, toa kidole cha mwisho pembeni nikikisukuma, inua kidole gumba kuelekea pua, inua unyayo juu. Dakika tano kwa mtu mmoja. Andika yote, kila mara kwa karatasi ile ile, maana thamani ya kipimo iko katika kulinganishwa na kile cha mwezi uliopita.

Sasa mipaka, na hapa niruhusu niwe mkali kidogo. Nimeona wageni wa wiki mbili wakipewa kisu cha kukata nyama mfu kwenye kidonda kirefu kwa sababu tu wamekuja kutoka mbali na wana koti jeupe. Wewe ni mwanafunzi. Usichoruhusiwa kukifanya Pune, usikifanye Warora. Ukiona kidonda kinachofika mfupani, mguu umevimba mpaka kwenye fundo, harufu mbaya, homa, acha, mwite daktari. Kidonda cha miaka mingi chenye kingo zilizoinuka na kuchanua kama koliflawa kinaweza kuwa saratani, nacho sema siku hiyo hiyo. Jicho jekundu usisubiri. Mtu ambaye kope hazifungi na jicho limekufa ganzi anaweza kuwa na kidonda juu ya mboni asisikie hata mchanga.

Na kuna jambo moja linalohusu zaidi wagonjwa wapya walio kwenye dawa, au waliomaliza karibuni. Mabaka yaliyotulia yanageuka mekundu na kuvimba ghafla, au vinatokea vinundu vyenye maumivu pamoja na homa, au mshipa wa kiwiko unauma, au mkono ulioshika kikombe juzi leo unakiangusha. Ule ni mpambano wa kinga ya mwili, haumaanishi kwamba dawa imeshindwa. Dawa za ukoma haziachwi, na prednisoloni, dawa ya kutuliza mpambano huo, huanzwa haraka na daktari kwa mpango wa majuma mengi. Udhaifu ulioanza ndani ya miezi sita iliyopita unaweza kurudi. Uliopita hapo kwa kawaida haurudi. Ukimsikia mtu yeyote akisema "mkono wangu umeanza kulegea wiki hii", acha beseni, mpeleke wewe mwenyewe kwa daktari. Nikisema mwanafunzi anaweza kuokoa mkono wa mtu, maana yangu ni hiyo.

Umeandika kwamba mnakwenda kuwasaidia "watu wale". Naomba ufike ukiwa na picha nyingine. Anandwan ni kijiji kilichojengwa na waliotengwa. Walichimba visima vyao katika ardhi ile ya mawe kwa mikono isiyo na vidole vyote, wakalima, wakafuga, na mwanzoni watu wa mji waliogopa hata kununua mboga zao. Vinoba Bhave, mfuasi mashuhuri wa Gandhi, alikuja kukizindua 1951. Katika miaka ya 50 vijana wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali walifika wakashiriki ujenzi wa hospitali, kwa hiyo nyinyi wanane mnafuata njia iliyokwisha kukanyagwa. Baadaye zikaja shule za wasioona na viziwi, karakana za ufumaji na ufundi, na chuo ambacho watoto wa mji ule ule uliowaogopa wanakuja kusoma. Baba Amte alishika neno moja, kwamba sadaka huangusha na kazi hujenga. Kwa hiyo usibebe pipi wala noti za kugawa. Ukitaka kutoa, nunua shuka lililofumwa pale, kwa bei yake.

Utaletewa chai ndani ya bilauri ya chuma, ya moto, na mwenyeji wako ataishika kwa kitambaa. Sasa unajua kwa nini. Pokea, unywe. Wazee wanaangalia nani anakunywa.

Suala la miguu nalo lina uzito wake nchini ile. Umeona Pune vijana wanavyoinama kugusa miguu ya wakubwa kwa heshima. Mzee ambaye kwa miaka 40 hakuna kijana aliyegusa miguu yake anaweza kuirudisha nyuma kwa aibu utakapoinyooshea mkono. Mwombe kwanza, ngoja akubali. Wengine hulia. Usishtuke, endelea kuosha.

Picha usipige. Nafahamu kwamba chuo kitataka za ripoti na wenzako watataka za simu zao. Yupo mama pale ambaye binti yake ameolewa na ukweni hawajui kwamba mama aliugua ukoma. Picha moja inavunja nyumba ile. Wala usidhani ni woga wa bure: India ilikuwa na sheria ya ukoma ya 1898 iliyoruhusu kuwakamata na kuwafungia wagonjwa, ikafutwa 2016 tu, na mpaka 2019 ukoma wa mwenzi ulikuwa sababu halali ya kudai talaka. Ndiyo sababu watu waliopona kwa vidonge bado wanaishi pamoja kijijini. Pakiti 12 huponya mwili; za kumrudisha mtu kwa ndugu zake hazijatengenezwa.

Kwetu nako majina yanachoma. "Mkoma" usimwite mtu, hata akijiita mwenyewe. Sema aliyeugua ukoma, au, vizuri zaidi, uliza jina lake. Na usifikiri unakwenda kuona jambo la India peke yake. India ndiyo yenye zaidi ya nusu ya wagonjwa wapya wa dunia, zaidi ya 100,000 kwa mwaka, lakini Tanzania bado inagundua zaidi ya 1,000 kila mwaka. Wazee wa makazi ya waliougua ukoma ya Nunge, Kigamboni, wanaijua hadithi ya Anandwan bila kusimuliwa, na kadhalika watu wa Alupe kule Busia, Kenya, na wa Buluba, Uganda. Kinachonisumbua ni kwamba vijana wanaohitimu sasa wanaweza kumaliza chuo bila kuwahi kushika mshipa uliovimba nyuma ya kiwiko cha mtu. Anapokuja mgonjwa na baka lisilowasha, lisilouma, lenye rangi iliyofifia, anapewa dawa ya fangasi, anarudishwa nyumbani, anarudi tena, anapewa nyingine, mpaka kidole kinajikunja. Wiki tatu hazitakufanya bingwa. Zitakufundisha kutolipita baka lile, na mtu huyo wa kwanza utakayemgundua huku kwetu, kabla mshipa haujafa, ndiye jibu la swali lako la pili. Wazee wa Anandwan watakuwa wamekusaidia wewe kumsaidia yeye.

Machache ya safari. Warora iko takriban kilomita 100 kusini mwa Nagpur, na jimbo la Maharashtra ni refu, kutoka Pune ni safari ya usiku kucha kwa treni. Mkipewa hiari ya tarehe, chagueni Novemba hadi Februari. Mei ya Chandrapur ni joto la kupita nyuzi 45, hamtafanya kazi. Chukua tochi ndogo, daftari, kalamu ya wino ya kawaida, taulo, viatu vya kufunika vidole, na barua ya chuo inayosema wazi mnasimamiwa na nani. Kata kucha zako.

Na kuhusu mama. Umeandika ana kisukari mwaka wa nane. Kisukari huua mishipa ya fahamu ya miguu kwa njia nyingine, lakini mguu unaobaki ni ule ule, mkavu, wenye ganzi, usiolalamika. Brand alipohamia hospitali ya ukoma ya Carville, Marekani, mwaka 1966, aliyojifunza kwa wagonjwa wa ukoma yaliingia moja kwa moja kwenye tiba ya miguu ya wenye kisukari. Mpigie leo, umwambie unakwenda kujifunza miguu. Umwombe kuanzia usiku huu atumbukize mkono ndani ya viatu vyake kabla ya kuvivaa, na amwite jirani au mjukuu amtazamie nyayo kwa tochi. Ukirudi likizo Tanga, ingia na beseni na uzi wa gramu 10. Usimuulize kama inauma. Mwambie avue viatu.